Baba yuko kwenye mashine ya figo, mapaja yamekwisha: nimpe unga wa protini?

BintiWete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Baba yetu ana miaka 61, tumemtoa Wete tukamleta Unguja kwa ajili ya mashine. Anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, mwaka wa pili huu. Alikuwa mtu wa ngalawa, kifua na mapaja ya kazi. Juzi alfajiri alisujudu akashindwa kunyanyuka. Nilimsikia akigonga ukuta kwa kiganja, polepole, kama anayebisha hodi. Sasa anasali juu ya kiti.
Anakula wali na mchicha, samaki kipande cha vidole viwili tu, maana figo zilipoanza kuharibika tuliambiwa tumpunguzie protini. Mdogo wangu anayenyanyua vyuma kaleta kopo la unga wa protini. Nimpe? Na mazoezi je, si nitamchosha zaidi?

Bi_Mwanakwerekwe:
Wa alaykum salaam mwanangu, pole sana. Sharti hilo la kupunguza ni la kabla ya mashine! Mume wangu nilimnyima samaki miezi 7 kwa kosa hilohilo, na hakuna aliyetuambia kuwa limebadilika. Mpaka leo linaniuma.

Kijana wa Darajani:
Mpeni madafu kila siku, yanarudisha nguvu haraka.

MuuguziMstaafu:
Kijana, hapana. Madafu yana potasiamu nyingi, na figo zilizokufa haziitoi. Ikipanda sana, moyo unaweza kusimama. BintiWete, usimpe.
Bi Mwanakwerekwe kasema kweli. Kila anaposafishwa, mashine huondoka na gramu kama 6 hadi 12 za asidi amino, yaani matofali ya kujengea misuli. Ndiyo maana mgonjwa wa mashine anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Ana kilo ngapi?

BintiWete:
58. Alikuwa 66.

MuuguziMstaafu:
Basi ni gramu 58 hadi 70. Kipande cha changu au jodari cha ukubwa wa kiganja kina kama 20, yai moja 6. Ute wa yai ni mzuri zaidi kwake, fosforasi yake ni ndogo sana, nayo ni madini mengine ambayo figo zilizokufa haziyatoi. Dagaa wanaoliwa na miba yao wana fosforasi nyingi, wapunguze. Kama ameandikiwa vidonge vya kuzuia fosforasi ya chakula isiingie mwilini, avimeze pamoja na chakula, si baadaye.
Kopo liache limefungwa. Lipeleke kwa daktari wake au mtaalamu wa lishe asome potasiamu na fosforasi iliyomo. Ziko protini zilizotengenezwa kwa wagonjwa wa mashine, lakini samaki kwanza.
Jambo jingine, tena kubwa: waambie wapime upya uzito wake mkavu, yaani uzito anaotakiwa kubaki nao mashine ikishatoa maji ya ziada. Nyama ikipungua huku kipimo kikibaki cha zamani, pengo linajazwa na maji, na maji hayo yanaelemea moyo.
Mazoezi anaweza, daktari akiridhia. Akae barazani, ainuke bila kushika kitu, akae tena. Mara 5, apumzike, arudie. Siku ya mashine, kama wanaruhusu, anyooshe miguu au apige pedali akiwa kitandani, saa 2 za mwanzo, kwa sababu mwishoni presha hushuka. Mkono wenye sindano usiguswe. Kifua kikibana, pumzi ikimpaa au miguu ikivimba, aache. Nguvu na mwendo hupata nafuu. Unene wa mapaja sikuahidi.

Bi_Mwanakwerekwe:
Na usimhesabie kwa sauti mbele ya wajukuu. Wangu alikuwa anaona haya.

BintiWete:
Allah awalipe. Daktari karuhusu, uzito mkavu wameushusha, kopo kalikataa. Leo baada ya lasiri tulikaa barazani wawili tu. Kainuka mara 3. Ya 4 kanishika bega, kasema, "Ngoja mwanangu," halafu akainuka.