Tupeane uzoefu: kuokoka kulikugharimu nini hasa?

Karani wa Stoo: Bwana asifiwe. Leo sitaki ushuhuda wa "nilimtolea Mungu kidogo akanipa gari". Nawatafuta ambao hawajarudishiwa kitu.

Naanza mimi. Nilikuwa karani wa stoo kwenye kampuni moja Industrial Area, Nairobi. Lori linaleta magunia 180, karatasi inasema 200, natia sahihi, jioni bahasha inaingia mfukoni. Miaka sita hivyo. Nilipookoka niliacha bahasha nikadhani nimemaliza. Kumbe bahasha ndiyo iliyokuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwenye sahihi. Asubuhi moja nikahesabu magunia mbele ya dereva, moja moja, nikaandika 180. "Wewe andika tu, kwani ni pesa yako?" Mwezi haukuisha kabla sijafutwa, na barua ikasema nimeiba magunia. Magunia yale yale!

Tukatoka vyumba viwili Umoja tukaingia kimoja Kayole. Mtoto akatolewa shule ya kulipia. Kinachoninyima usingizi ni kwamba msalaba niliuchukua mimi, lakini waliokuwa nyumbani hawakuulizwa.

Mama Pacha: Pole sana kaka. Mimi nilikuwa na duka la pombe Githurai. Kila mtu aliniambia nimuuzie jirani stoki nifunge. Nikajiuliza, nikimuuzia, si bado ni mimi nauza? Nikamwaga. Chupa ndogo zile zinamwagika polepole jamani! Kuanzia saa tatu hadi adhuhuri, mtaro unanuka, na wazee wawili wamesimama pembeni wakinisihi kama wako matangani. Mtaji ulikuwa wa mama mkwe. Nimemlipa kwa mandazi, miaka minne, na salamu zangu bado anaitikia akiangalia kando.

Mjukuu wa Nyeri: Babu yangu alikuwa wa Uamsho, ule wa walokole uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikataa kula kiapo cha Mau Mau, akakataa pia bunduki ya mkoloni. Pande zote mbili zikamhesabu adui. Alikuwa na kovu shingoni. Tukimuuliza, anaitisha chai.

Fundi Bomba: Samahani, nitachafua hewa. Jirani yangu hapa Kariobangi alitoa kodi ya nyumba kanisani kama "mbegu", landilodi akapiga kufuli mlangoni, naye akasema anateswa kwa ajili ya injili. Hajateswa na mtu, amekula kodi. Yesu mwenyewe, Luka 14:28, anataka anayejenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Karani, wewe ulihesabu?

Karani wa Stoo: Nilihesabu magunia tu. Na kuna deni jingine sijalisema. Zakayo (yule wa Biblia, tusielewane vibaya) aliahidi kurudisha mara nne. Mimi za miaka sita sijarudisha hata bahasha moja. Zilishageuka sofa.

Mama Shiku: Dada mmoja wa ushirika amenionyesha haya. Mimi ndiye mke. Baba Shiku, ni kweli hukuniuliza. Lakini bahasha nilizijua, na hiyo sofa niliichagua mimi. Na mbona umeruka cherehani? Kodi ya kwanza ya Kayole ililipwa na cherehani yangu. Andika na hiyo.