Naanza wapi kujifunza kuandika programu? Niko Wete, bando ni la simu

Binti_Wete: Assalamu alaykum. Nimemaliza fomu foo, niko nyumbani. Kaka yangu kaniachia laptopu yake ya zamani, RAM GB 4, nami nataka sana kujifunza programu kuanzia sifuri. Video zinanimalizia bando. Kiingereza nikikisoma taratibu naelewa, ila wakizungumza mbio wananipita. Kuna lugha nyingi za kompyuta: mmoja ananambia Java, mwengine HTML, mwengine Python. Nishike lipi, na vya kusoma bila ya intaneti muda wote navipata wapi?

Mtu_wa_Darajani: Waalaykum salaam. Jaribu freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza programu, ni bure hadi cheti, na masomo mengi ni ya kusoma na kuandika papo hapo. Ila inataka intaneti.

Mwalimu_Chake: Waalaykum salaam mwanangu. Nafundisha kompyuta skuli, na suali lako nakutana nalo kila muhula. Shika Python, hizo nyengine ziache kwanza.

Pakua Thonny, ndiyo utakayoandikia na kuendeshea programu zako za Python. Imetengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Python imo ndani yake, faili halifiki MB 50, na ukishaiweka huhitaji tena intaneti. Ninachoipendea hasa ni kuwa unaweza kuiendesha programu hatua kwa hatua ukaona kila thamani inavyobadilika. Laptopu yako inatosha.

Kwa kusoma, tafuta CS50P, kozi ya Python ya Chuo Kikuu cha Harvard, ya mwalimu David Malan. Video ziache, kila somo lina maelezo ya maandishi na mazoezi. Zihifadhi kurasa zake kwenye laptopu, usome kwa nafasi yako.

Lakini usikae ukinakili mifano ya watu tu. Msimu wa karafuu wachumaji si hulipwa kwa pishi? Basi andika programu inayouliza mchumaji kaleta pishi ngapi, izidishe kwa bei, itoe malipo yake. Hapo utakutana na kitu kinachowakwamisha wanafunzi wangu wengi: unachokijibu kwenye kibodi, Python inakipokea kama maandishi, hata ukiandika 12. Tuseme bei umeiweka 1000. Badala ya kukupa 12000, itakujazia skrini 12121212, hiyo 12 ikirudiwa mara elfu moja, na wala haitakwambia kuna kosa. Ni lazima kwanza uyageuze maandishi kuwa namba kwa int, amri ya Python ya kugeuza kuwa namba nzima. Likishakuelea hilo, ongeza majina ya wachumaji, halafu jumla ya siku nzima.

Binti_Wete: Shukran sana mwalimu. Bibi ana shamba Konde na hesabu zote ziko kwenye daftari, nitaanza na hizo. Je, nikikwama?

Mwalimu_Chake: Vizuri sana, hesabu za bibi ndizo hasa. Ukikwama bandika hapa mistari yote uliyoandika, pamoja na maneno mekundu ya kosa kama yametokea. Usitume picha ya skrini, maana siwezi kuinakili nikaijaribu kwangu.