Mfuko wa kukunja mdomo, sanduku au ndoo: kipi kinalinda vitu chomboni?

Msafiri_wa_Omo:
Wakuu, nina chombo kidogo cha tanga kisicho na chumba cha maana. Safari iliyopita nguo zote zililowa. Nailoni nilizofungia zilichanika kwa kusuguana na taruma, zile mbao za mbavu za chombo. Sasa nachagua kati ya mfuko mzito wa plastiki wa kukunja mdomo, sanduku gumu lenye mpira kwenye kifuniko, na ndoo ya kifuniko cha kuzungusha. Nani amevitumia vyote?

BintiTezi:
Mimi. Nguo na blanketi ni mfuko, bila kusita. Unabonyea, unaingia hata kule kwenye kona ya omo, mbele ya chombo, ambako sanduku haligusi. Ila usiujaze pomoni. Toa hewa, kunja mdomo mara tatu au zaidi, ndipo ubane kifungo. Ukikunja mara moja tu, maji yanapita. Sanduku ni la simu, kamera, dawa na kiberiti. Kabla ya kulifunga pitisha kidole juu ya ule mpira: unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kuyafungulia maji njia.

Alfajiri_Pwani:
Ndoo msiidharau. Chakula na vitu vya kushika kila mara nitaviweka humo, maana mfuko ukiufungua mara kumi kwa siku, mara ya kumi na moja utaukunja vibaya. Kasoro yake ni umbo la duara, inakula nafasi.

Msafiri_wa_Omo:
Simu yangu ni IP67, ile alama ya kuzuia vumbi na maji. Bado nahitaji sanduku?

BintiTezi:
Ndiyo, ndugu yangu. IP67 ni kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30, na kipimo hicho ni cha maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari yanakula tundu la chaji.

Mzee_wa_Mkuku:
Wanangu, unyevu mwingine mnaupakia wenyewe. Nguo iliyoingia maji ya bahari hata ukiianika kutwa, usiku inarudi chepechepe, kwa sababu chumvi iliyobaki inavuta unyevu wa hewani. Ukiichanganya na kavu, umezilowesha zote. Weka mifuko miwili ya rangi tofauti, na ya chumvi isuuze kwanza. Vizito, kama madumu ya maji ya kunywa, vikae chini katikati, vifungwe visitembee. Kitu kisilale ndani ya ngama, kule chini kabisa maji yanakokusanyika. Tandika chaga, maji yapite chini hadi uyachote na kuyamwaga nje. Na nakusihi, maboya ya kujiokolea yasifukiwe chini ya mizigo. Yakihitajika, hutapata muda wa kupangua.

Msafiri_wa_Omo:
Asante, mzee. Nimeazima mfuko, nikaujaza hewa, nikaukandamiza ndani ya beseni. Vipovu vimetoka kwenye mshono wa kitako, mdomo uko salama. Naurudisha, natafuta wenye mishono iliyounganishwa kwa joto.