Vyanzo vinapingana kuhusu vita vya Kadeshi, nimwamini nani?

Mpekuzi: Habari zenu wakuu. Naandika insha kuhusu vita vya Kadeshi, mji uliokuwa katika Syria ya leo, yapata 1274 KK, kati ya Farao Ramses II wa Misri na Muwatalli II, mfalme wa Wahiti, dola iliyokuwa katika Uturuki ya leo. Kuta za mahekalu ya Misri zinasema Farao alishinda, tena karibu peke yake. Vibao vya udongo vya Wahiti vinasema alirudi nyuma. Kati ya vitabu vitano nilivyosoma, vinne viko upande wa Farao. Ndiyo wengi wape?

Mzee wa Tanbihi: Hivyo vinne vimenukuu wapi? Kama vyote vimechota kwenye kuta zilezile, una shahidi mmoja aliyevaa kanzu nne. Na aliyeamuru kuta zichongwe ni Ramses mwenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Mpekuzi: Kwa hiyo niziache kabisa?

Dada Nyaraka: La hasha! Soma pale anapokiri yasiyomfaa. Kuta hizohizo zinasema wapelelezi wawili walimdanganya kuwa Wahiti wako mbali, kumbe wamejificha nyuma ya mji. Pia zinasema askari wake walitimka. Mwenye kujisifu hajitungii aibu.

Mzee wa Tanbihi: Ya wapelelezi naafiki. Ya askari kutimka, polepole dada: kadiri wanavyokimbia ndivyo yeye aliyebaki anavyong'aa. Hiyo si aibu, ni pambo.

Dada Nyaraka: Haya, hapo umenishika 😀

Kalamu Kavu: Mimi huwa naanza na kilichofuata. Baada ya vita, Kadeshi ilibaki mikononi mwa Wahiti, na Amurru, nchi ndogo jirani, ikarudi kwao. Mshindi gani huyo anaondoka bila mji alioufuata? Lakini usiwafanye Wahiti malaika. Miaka kama 15 baadaye pande hizo zilifunga mkataba wa amani, na nakala za pande zote mbili zipo hadi leo. Ya Misri inasema Wahiti ndio walioomba amani. Ya Wahiti inasema Wamisri. Masharti yanakaribiana sana, majigambo ndiyo yanayogongana. Nukuu masharti kama ukweli, majigambo yataje kama majigambo.

Mpekuzi: Nimerudi kwenye tanbihi. Vitabu vitatu vimenukuu kile cha nne, ukuta wenyewe havikuugusa. Naandika upya kuanzia aya ya pili.