Naomba ushauri: mgonjwa akiomba apumzishwe, sheria ya Uganda inasemaje?

Mtu_wa_Bombo
Habari zenu wakuu. Nina rafiki, baba yake ana saratani ya tezi dume, imeshaingia kwenye mifupa. Hospitali moja kubwa walimrudisha nyumbani, wakasema hapa tulipofika basi. Mzee halali. Sasa amemwambia mwanawe, "Nipumzishe." Rafiki yangu anauliza: akimsaidia kufa, atashtakiwa kwa kosa gani? Nasikia kuna nchi zinaruhusu. Wanaojua sheria tafadhali. Mahubiri sitaki.

Wakili_wa_Mtaani
Bila mahubiri basi. Katiba ya 1995, ibara ya 22, inalinda uhai. Kanuni ya Adhabu inasema anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Akifanya kwa mkono wake mwenyewe, hayo ni mauaji, hata kama mzee aliomba mbele ya mashahidi kumi. Ridhaa ya marehemu haimwokoi mtu kizimbani.

Uholanzi na Ubelgiji waliruhusu 2002, Kanada 2016, lakini kwa masharti, na mtaalamu wa pili wa tiba lazima naye apitie ombi la mgonjwa. Karibu yetu, Afrika Kusini, mwaka 2015 wakili mmoja mwenye saratani hiyohiyo ya tezi dume alikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria kuomba daktari amsaidie kufa. Alishinda, ila alifariki mwenyewe saa chache kabla hukumu haijatoka. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu ile. Mwambie rafiki yako asitafute mlango hapo, hakuna.

Bi_Zamzam
Mahubiri hutaki lakini utayapata, mwanangu. "Wala msiziue nafsi zenu," An-Nisaa aya ya 29. Roho ina mwenyewe. Mimi nilimuuguza mama miaka minne, sukari ilimla mguu mmoja, kisha wa pili. Na yeye aliomba kufa, tena kwa kunitukana. Wiki ya mwisho aliniambia nimsuke nywele. Nikamsuka mistari sita, mkono unanitetemeka, naye ananikosoa kila mstari. Ningekuwa nimemsikiliza mwanzo, nisingepata wiki ile.

Kasuku_wa_Arua
Wazee wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, wamezoea risasi, huyo hafi leo wala kesho 😂

Bi_Zamzam
Kasuku, kuna mtu analia hapa. Kaa kimya.

Nesi_Kijijini
Ndugu mleta mada, mbona hamna aliyekuuliza hili: mzee anatumia dawa gani ya maumivu?

Mtu_wa_Bombo
Vidonge vya kawaida. Na mofini ya maji ipo. Lakini hilo silo nililouliza, dada.

Nesi_Kijijini
Mimi ndilo ninalouliza. Mofini ya rangi gani, anapewa mara ngapi, chupa ilitoka lini na imebaki kiasi gani?

Mtu_wa_Bombo
Ya kijani. Ina wiki tatu. Imebaki karibu yote.

Tunampa akizidiwa tu. Baba mdogo alisema mwili ukiizoea utaitaka kila siku, halafu maumivu makubwa yakija haitafaa kitu. Nikaona ana hoja, tuitunze. Iko juu ya sanduku lake la jeshi, anaiona pale alipolala. Chupa hiyo ndiyo anayoniomba nimpe yote.

Sasa mnihukumu. Lakini nyinyi hamjasikia mtu mzima aliyepigana vita akiuma blanketi ili wajukuu wasimsikie. Kumnyima ombi lake la mwisho, hiyo ndiyo huruma?

Mpekuzi
Hebu ngojeni. Mwanzo ni "rafiki yangu", sasa ni "nikaona" na "ananiomba nimpe". Halafu mofini inakaa nyumbani kama chupa ya mafuta ya kupikia? Uganda hii, ambako wodini unanunua mpaka glavu za daktari, nani atakupa mofini? Huyu ni mwanafunzi wa sheria, anataka tumwandikie insha. Mnakumbuka yule wa mtoto wa figo? Tulichanga, mimi nilituma elfu hamsini, kumbe hata mtoto hana.

Kasuku_wa_Arua
Nilijua tu.

Wakili_wa_Mtaani
Kama ni insha, mimi nimeshaiandika nusu. Mleta mada, jitokeze.

Nesi_Kijijini
Mpekuzi, la rafiki muulize yeye. La mofini nakujibu mimi, maana ndiyo kazi yangu. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuhudumia wagonjwa wasiopona, hapa Kampala mwaka 1993, na tangu wakati huo mofini ya unga inachanganywa na maji humu humu nchini. Mgonjwa halipi, serikali ndiyo inayolipia. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa, nesi na afisa wa tiba waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, wakaruhusiwa kuiandika wenyewe, kwa sababu vijijini daktari utamsubiri mpaka mgonjwa azikwe. Inatolewa aende nayo nyumbani. Na ile ya nguvu ndogo hutiwa rangi ya kijani. Mtu wa kutunga angejuaje?

Mtu_wa_Bombo
Ni baba yangu. Niliandika rafiki kwa sababu mwenyekiti wetu wa LC, baraza la kijiji, anasoma humu, na dada zangu pia. Mpekuzi, pole kwa pesa zako, lakini mimi sikuomba senti ya mtu.

Jana usiku alinishika kifundo cha mkono, vidole vimebaki mifupa, akaniambia, "Wewe ndiye mkubwa. Wadogo zako wataogopa." Nikamjibu, "Ijumaa." Nilishasema Ijumaa, ndugu zangu. Mtu akishampa baba yake siku, anairudishaje?

Mpekuzi
Samahani, kaka. Nimekosa.

Katekista_Hoima
Mimi ni Mkatoliki, kwetu kuua mgonjwa ni marufuku kabisa. Lakini Vatikani yenyewe mwaka 1980 iliandika kwamba dawa ya kutuliza maumivu inaruhusiwa hata kama inaweza kufupisha maisha, maadamu nia ni kutuliza. Mlipoifungia ile dawa, hamkuwa mnamlinda na dhambi yoyote.

Nesi_Kijijini
Nisikilize sasa. Mofini ya saratani haisubiri kilio. Inafuata saa: kila baada ya saa nne, kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye chupa, usiongeze hata tone kwa kichwa chako. Haiishiwi nguvu kwa kutumika mapema, baba mdogo alidanganywa kama wanavyodanganywa wengi. Inafunga choo, kwa hiyo uliza dawa ya kulainisha. Kwenye kadi yake kuna simu ya waliompa. Piga leo, useme ukweli wote, hata hiyo Ijumaa. Na chupa iondoke machoni pake, akae nayo mtu mwingine wa kuitoa dozi kwa dozi.

Baba yako amekaa wiki tatu bila tiba huku tiba anaiangalia. Hujui bado angeomba nini kama asingeumwa.

Mtu_wa_Bombo
Nimepiga. Wanakuja kesho asubuhi. Ila sheria yenu bado naiona katili, Wakili. Nalisema hilo mapema.

Bi_Zamzam
Ijumaa imepita, mwanangu. Vipi?

Mtu_wa_Bombo
Yupo. Shangazi ndiye anayetunza chupa, anaandika saa kwa makaa ukutani kila anapompa. Siku ya kwanza alilala mpaka tukaogopa, nikawa naweka kiganja puani kwake. Alipoamka aliuliza kama kuku wamefungiwa.

Jana aliniuliza tena habari ya Ijumaa. Nikamwambia, baba, nilikukosea, nilikunyima dawa yako. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema nimletee redio, na baba mdogo aitwe, ana neno naye.