Nimeamka saa nane usiku, halafu naambiwa "siku nyingine uwe unaamka mapema"

Bamvua86:

Wakuu habari za jioni. Zangu sio nzuri na pole zenu bakini nazo, nataka tu niliteme hili dukuduku maana nikilala nalo kesho kazi za watu hazifanyiki.

Kuna jamaa hapa Mtwara mnamjua wote, jina sitaji. Harusi ya Shangani yupo, mahafali yupo, mwenge ukipita yeye yuko mbele ya mwenge, lenzi refu kama bomba la gesi la kwenda Dar na kizibao chenye mifuko arobaini. Ee, huyo huyo uliyemfikiria.

Sasa lilikuwepo shindano la picha, mada maisha ya pwani, zawadi kamera mpya, na mimi kamera ninayotumia ni ya kuazima mnajua. Yeye ndo alilileta kwenye grupu letu la wapiga picha, akaandika kwa mkono wake "mwisho Jumatatu saa 12 jioni". Saa kumi na mbili jioni! Sijabuni mimi.

Basi juzi usiku wa kuamkia Jumapili nikaamka saa nane. SAA NANE. Hata majogoo yamelala. Nikamgongea dogo wa boda mpaka mama yake akatoka na mwiko, tukapiga njia mpaka Msimbati, kilomita 40 na ushee, gizani, mchanga ule mnaujua. Nilikimbilia bamvua, yale maji ya kujaa na kupwa sana, na mtu wa pwani anajua bamvua huiiti ikaja, ni mwezi mpevu au mwezi mwandamo basi, ikikupita unakaa wiki mbili. Jua kule linachomoza baharini kabisa, linakuta maji yanaanza kupwa na kinamama wanashuka kuyafuata na ndoo zao na vijiti vya kuchokolea pweza, mwanga unawapiga kwa nyuma wanakuwa vivuli vyeusi kwenye maji ya dhahabu. Nikakaa mpaka saa nne na kitu mwamba umetoka wote, mama mmoja akachokoa shimoni akavuta pweza, minyiri yote imemzunguka mkono mpaka kwenye kiwiko na yeye anacheka. Nikaipata. Wakuu nakwambieni NIKAIPATA, mikono ikawa inatetemeka.

Leo asubuhi nikazisafisha taratibu maana nina mpaka jioni si ndio. Saa kumi nafungua linki, fomu imefungwa. Tangu saa sita mchana! Tarehe ya mwisho imeandikwa 12:00 PM.

Nikasema sawa, riziki. Nikaziweka zile tatu kwenye grupu nikaandika kistaarabu tu, "hazikuwahi ila naomba mzione". Watu wakaanza kusifia, mama wa pweza kawagusa. Hazijapita dakika mbili anaingia yeye, na kizibao chake:

"Siku nyingine uwe unaamka mapema 😂"

Mimi. Niamke mapema. Mimi niliyeamka saa nane, yeye saa nane hiyo anakoroma mpaka bati la jirani linacheza. Aliyeniambia saa 12 jioni NI YEYE. Grupu la watu karibu mia mbili, kuna wateja wangu mle, kuna mjomba wangu mle!

Uamke mapema. Jamani. Uamke mapema!!

Korosho_Mbichi:

Mkuu umeandika gazeti zima la kulalamikia picha na picha hakuna. Weka tuone kwanza kama umeonewa kweli.

Bamvua86:

Nimezibandika hapo chini zote tatu. Tazameni wenyewe halafu mniambie huyo ni mtu wa kuambiwa aamke mapema.

Mtoto wa Chikongola:

Ya pweza ni moto, hiyo haina ubishi. Ila ya tatu mbona bahari imelala upande hivyo, hayo maji si yatamwagikia Msumbiji yote?

Ming'oko_Mbili:

😂😂😂 ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma saivi wanapandisha magodoro juu ya dari

Bamvua86:

Nilikuwa nimepiga magoti majini wimbi linanisukuma kamera ya mtu mkononi. Kunyoosha mstari wa bahari ni sekunde mbili, hiyo ya tatu nilikuwa naimalizia nikijua nina mpaka saa kumi na mbili. Na mada sio mstari wa bahari, mada ni neno aliloniambia mbele za watu.

Dada wa Mikindani:

Kaka yangu pole sana, picha nzuri mno, yule mama nimemuonea raha. Lakini naomba usinune nikikuuliza, linki ulikuwa nayo tangu lini? Maana 12:00 PM kwa saa za Kizungu ni mchana, yani saa sita yetu. Mtu akiona 12 kichwa kinakimbilia saa kumi na mbili, tunakosea wengi. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda usaili saa tatu wakati karatasi inasema 3:00 PM, nikakaa na mlinzi tangu asubuhi tunakula mihogo. Ndo maana saivi kitu chochote chenye AM na PM nakisoma kwa mdomo mara tatu.

Bamvua86:

Linki aliituma jana usiku dada, tangazo lake lilitangulia wiki nzima. Nikamwamini! Ndo kosa langu hilo, kumuamini mtu mzima mwenye ndevu.

Usiku wa Manane:

Na hayo mashindano ya kimataifa mengi yanaandika 23:59 UTC, yani saa ya dunia. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3, kwa hiyo hapa kwetu ni saa tisa kasoro dakika moja usiku wa kuamkia kesho yake. Kuna watu wanakata tamaa saa sita usiku wakati bado wana masaa matatu mezani. Mwaka jana nilituma saa nane na nusu usiku na ikapokelewa vizuri.

Chuno Juu:

Saa nane na nusu usiku, kumbe wewe na mleta mada ndo mnaolinda mji

Korosho_Mbichi:

Ngoja kwanza. Na yeye mwenye kizibao alituma saa ngapi za kwake?

Mtoto wa Chikongola:

Na mimi nimo kwenye hilo grupu. Nimerudi juu kuangalia, leo saa tano na robo asubuhi kaandika "za kwangu zimeenda tayari, kila la heri wote".

Korosho_Mbichi:

Saa tano na robo!! Mtu mwenye mpaka jioni anakimbilia nini saa tano na robo?

Ming'oko_Mbili:

Ameamka mapema 😂

Bamvua86:

Wakuu hiyo meseji sikuiona, nilikuwa kwenye kompyuta nasafisha picha. Mikono imeanza kutetemeka upya. Yani alijua. ALIJUA halafu akarudi jioni kuniambia niamke mapema???

Chuno Juu:

Inawezekana pia alituma tu asubuhi kwa sababu alikuwa na nafasi, tusimzushie mtu. Ila wewe nawe mzee, kila mwaka uzi ni huu huu, zile za Boma la Mikindani ulichelewa, za masika ukachelewa. Una maghala ya picha ambazo hazijatumwa popote.

Bamvua86:

Za Boma umeme ulikatika siku mbili na wewe unaishi Chuno unajua fika. Usinichanganyie mambo.

Mke wa Mtu Ligula:

Samahanini nimechelewa kuingia. Mnamzungumzia HUYO HUYO aliyepiga harusi ya mdogo wangu? Kalipwa yote kabla. Mtoto wao ameshaota meno manne, albamu hatujaiona. Ukipiga simu anakwambia "nazichagua dada". Anachagua nini miaka miwili, sisi tulikuwa na sura zile zile!

Ming'oko_Mbili:

Kumbe mtu wa kuwahi dedilaini za mashindano tu

Shemeji wa Masasi:

Nyie mna nafuu mnasubiri. Kaka yangu alizipata, bibi harusi hana kichwa picha nzima, shela na mabega tu. Tulipouliza akasema ndo mtindo wa kisasa.

Mke wa Mtu Ligula:

Bora mabega. Mimi hata mabega nayataka.

Lindi Ndio Nyumbani:

Watu wa Mtwara mnalia kwa picha tatu. Sisi Lindi mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, kasimamishwa Berlin, urefu wa kwenda juu mita 13 na ushee, watu wanakata tiketi kumtazama. Walioubeba ule mzigo kichwani kutoka porini mpaka bandarini Lindi ni babu zetu. Nani katuambia sisi hata asante kwa kushiriki?

Dada wa Mikindani:

Hilo ni la kweli kabisa, mimi nilimuona kwenye kitabu cha shule tu.

Chuno Juu:

Akirudishwa mtamuweka wapi sasa, stendi?

Lindi Ndio Nyumbani:

Tutajua wenyewe. Kwanza aje.

Salfa_Bado:

Mjusi kafa zamani, tuzungumze yanayotuua leo. Mikorosho imetoa maua, ule ugonjwa wa ubwiri unga umeshaanza kuyapaka nyeupe, na salfa, dawa yake, kwenye chama chetu cha ushirika hakuna. Tunaambiwa njoo kesho. Ua likishaungua hata ukileta lori zima ni kazi bure, mwezi wa kumi watu wako mnadani na wewe umekaa na majani.

Shemeji wa Masasi:

Huko kwenu hamjapata kabisa? Sisi tumepewa ila nusu, mtu mwenye heka tano kapata ya heka mbili.

Salfa_Bado:

Hata harufu. Jirani kanunua ya mtaani bei ya kufuru na hajui kama ni salfa au unga wa muhogo.

Bamvua86:

Wakuu nawaheshimu ila turudi kwenye mada. Nimeamka saa nane usiku, nimeenda Msimbati, halafu mtu aliyenidanganya saa ananiambia

Korosho_Mbichi:

Mkuu subiri kidogo. Shemeji wa Masasi, hiyo nusu mliyopewa ni ya unga au ya maji?

Shemeji wa Masasi:

Ya unga. Na bomba la kupulizia tunapokezana watu tisa.