Naomba ushauri: jeni ya DQ2 ipo, ila ngano ilishaachwa

Wakuu, mgonjwa ana miezi sita hagusi chapati wala maandazi. Kipimo cha jeni za kinga zinazohusishwa na siliaki (ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, hufanya kinga ya mwili ishambulie utumbo): HLA-DQ2.5 ipo, DQ8 hakuna. Hilo halithibitishi siliaki. Ulaya karibu theluthi ya watu wana jeni hizi na wengi hawaugui kamwe. Zingekosekana zote, siliaki ingekuwa karibu imefutwa. (Unyeti wa gluteni usio siliaki hauna kipimo cha jeni, anayekuuzia anakula hela yako tu.)

Shida ni kipimo cha damu: tTG-IgA (kingamwili za siliaki) sasa inaweza kusoma safi kwa sababu mgonjwa ameacha gluteni. Akirudia kula gluteni gramu 3 kwa siku ili apimwe, kama slesi mbili za mkate, wiki 2 zinatosha au avumilie hadi 8? Akianza kuharisha mapema, apimwe siku hiyohiyo pamoja na IgA ya jumla (kiwango chote cha kingamwili za aina ya IgA)?